Mama Alinitilia Vidonge vya Kunenepesha Kwenye Uji

Admin, nifichie jina na usiweke picha, maana mtaa wetu wa Junda ni mdogo na mama haachi simu mkononi. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, fundi wa nguo za kike huku Kisauni, na mwezi ujao naolewa. Badala ya kuwa na furaha nina hasira mpaka navunja sindano za cherehani.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, msije mkasema nimeuficha. Miaka miwili nyuma nilikuwa mnene, nikachoka kusikia maneno ya wateja. Niliacha wali, nikaacha nazi, nikaacha sukari, mwisho nikabaki na tango na chai ya ndimu. Watu wakanisifu, nami nikalewa sifa. Niliendelea mpaka nywele zikawa zinabaki kwenye kitana na hedhi ikakatika miezi saba. Siku moja nikaanguka dukani nikiwa nampima mteja kiuno.

Kliniki nilimpata mtaalamu wa lishe, dada mmoja wa bara, mpole lakini hana mchezo. Aliniambia mwili umezoea njaa, nisiushtue. Nile kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku: mayai, maharagwe, samaki, parachichi, njugu, maziwa. Jamani, aliyewahi kukiogopa chakula ndiye anayejua. Wiki ya kwanza nililia kwa sababu ya nusu chapati. Lakini nilijikaza, na kila kilo iliyorudi niliiona ni yangu, nimeipigania.

Mama akasema, "Kazi yako wewe ni kula, mwanangu. Ya jikoni niwachie mimi." Kila asubuhi aliniletea uji wa mchele wenye tui na iliki. Shangazi, ambaye ndiye somo wangu, yaani anayeniandaa kwa arusi, alikuja kila Ijumaa. Hunishika mkono, hunigeuza, kisha humwambia mama, "Bado." Kwetu siku ya kupamba, bi arusi hukalishwa juu ya jukwaa, wanawake wakavua mabuibui wakamtazama kuanzia unyayo mpaka utosi. Kukonda siku hiyo ni aibu ya mama kuliko ya binti.

Basi nikaanza kunenepa haraka. Majirani wakawa, "Mashallah, umerudi!" Nilimbusu mama mkono nikamshukuru. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilimshukuru.

Gauni langu la arusi nalishona mwenyewe. Wiki moja nililifungua kiuno mara mbili, shingo ikanibana, uso ukajaa mpaka macho yakawa madogo. Lakini mikono ya gauni ilikuwa ileile, nayo inapwaya. Mimi ni fundi, najua mtu akinenepa hunenepa vipi. Nikarudi kliniki. Yule dada alinitazama sana akaniuliza, "Unatumia vidonge gani?" Nikamjibu, "Wallahi situmii kitu, ni chakula tu." Niliona haniamini. Nikarudi nyumbani nimemkasirikia yeye.

Kesho yake niliamka mapema kumpelekea mteja nguo Frere Town. Nilipoingia jikoni nilimkuta mama anaponda iliki kwenye kinu kidogo. Katikati ya iliki mlikuwa na vidonge vyeupe.

"Mama, hivyo ni nini?"

"Vitamini."

"Vya nani?"

Akaendelea kuponda. Kisha akasema, "Shangaziyo ndiye alovileta. Wasichana wote siku hizi wavitumia. Ama wataka ukae pale mbele za watu, waseme namuoza mgonjwa?"

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo uishe."

"Vingapi kwa siku?"

"Viwili. Vitatu siku nikikuona umekonda."

Miezi mitatu! Nilichukua pakiti nikakimbia nayo kliniki. Daktari alisema ni dawa kali za kutibu maradhi mengine, na watu huziuza kama za kunenepesha kwa sababu hujaza uso na tumbo. Nikamwambia naziacha leo hii. Akanizuia. Ukiziacha ghafla baada ya muda mrefu unaweza kuanguka vibaya, lazima zipunguzwe polepole kwa kupimiwa. Kwa hiyo nilichomezeshwa kwa siri, sasa nakimeza kwa mkono wangu mwenyewe kila asubuhi. Na ile furaha yangu ya kilo imekwisha, kwani sijui zipi ni zangu na zipi ni za vidonge.

Mama amelia, lakini analilia maneno ya watu. Amenishika miguu nisimwambie mchumba wangu wa Changamwe, eti watu wake watasema nyumba yetu inalisha watu sumu. Rafiki yangu wa Mikindani ameniambia nikakae kwake mpaka nipone. Lakini bi arusi kutoka kwa mamake mwezi mmoja kabla ya arusi, mnajua watu watasema nini.

Nami ninaogopa, kwa sababu chakula nisichokipika mwenyewe sikiamini, na nikikipika sikimalizi. Nimeanza kuruka milo tena. Jana nilikula tango peke yake, na moyoni nilihisi raha ileile ya zamani.

Leo asubuhi mama alileta bakuli la uji, akakaa mbele yangu, akanywa nusu nzima nikimtazama. Akafuta mdomo kwa upande wa leso, akanisogezea. "Haya, si waona? Hata mimi nimekunywa. Kunywa, mamangu." Nilitaka kunywa, wallahi nilitaka. Nina njaa. Lakini nililisogeza bakuli upande wake, akalichukua akarudi nalo jikoni.

Ndugu zangu, nimwambie mchumba na nihamie kwa rafiki yangu, au nibaki kwa mama nijilazimishe kumwamini? Nifanyeje nipate kula tena?