Mama Foleni na Matokeo Asiyotaka Kuyaona

Saa mbili na robo asubuhi, mstari mmoja kwenye skrini unageuka mwekundu. Kazi iliyokuwa ikiendelea tangu jana jioni imesimama.

Mwanamke aliyeketi mbele ya skrini hapigi kelele. Anajifunga vizuri sweta lake, maana chumba cha mitambo hupozwa mwaka mzima, kisha anausoma ujumbe wa kosa hadi mwisho.

"Ikikwama, usikimbilie kuianzisha upya," anasema. "Kwanza iulize imekwama wapi."

Ofisini wanamwita Mama Foleni. Yeye ndiye anayezipangia kazi zamu kwenye kompyuta kuu: ipi itangulie, ipi isubiri, ipi isiguswe hadi nyingine imalize. Mishahara, ankara za maji, hesabu za kodi, zote hupita mikononi mwake, na kila idara huamini yake ndiyo ya dharura.

"Wote wanataka kukaa mbele," anasema. "Ningekuwa nawasikiliza, hii mashine ingeshapata wazimu, na mimi pia."

Kazi iliyokwama leo ni ya matokeo ya mtihani wa sekondari, ambayo yanatakiwa kutoka saa sita mchana. Ikianzishwa upya tangu mwanzo, itakula usiku mwingine mzima, na maelfu ya watahiniwa watasubiri hadi kesho. Mmoja wao ni binti yake.

Binti huyo, kitinda mimba wake, amerudia mtihani. Mwaka jana kemia ilimwangusha, na bila kemia chuo cha uuguzi hakimpokei. Ndiyo maana mkuu wa kituo hiki cha kompyuta alimwekea Mama Foleni sharti: aiendeshe kazi, lakini asifungue faili lolote la matokeo. Mwenzake wa kupanga kazi yuko likizo ya uzazi. Hakukuwa na mtu mwingine.

Sharti halikumsumbua. Alikuwa na lake mwenyewe.

Mwaka jana, fundi wa data wa kituo, mwanamume wa makamo ambaye kila mtu humwita Mjomba, aliyaona matokeo kabla hayajatangazwa. Kwa huruma, akamnong'oneza.

"Nilijikaza njia nzima hadi nyumbani," Mama Foleni anakumbuka. "Nikabisha hodi, binti akafungua mlango. Alisoma usoni mwangu kabla hajasoma kwenye simu, akaingia chumbani akajifungia. Habari ilikuwa yake, mimi nikafika nayo kwanza. Mwaka huu nataka aniambie yeye."

Binti mwenyewe hakukubali kirahisi. Jana, mama alipokuwa akiaga, alimjaribu.

"Mama, chungulia tu. Kidogo."

"Nikichungulia nitaona, na nikiona utanijua."

"Basi funga jicho moja."

Ujumbe wa kosa unasema namba moja ya mtahiniwa imeingia mara mbili. Unataja na shule. Mama Foleni anaegemea kiti, kisha anamwita Mjomba.

"Ni shule ya binti yangu. Fungua wewe. Mimi natazama ukuta."

Anageuza kiti. Nyuma yake vidole vya Mjomba vinagonga kibodi, vinatulia, vinagonga tena. Hapo vinapotulia, mabega ya Mama Foleni yanapanda.

"Nimeipata," Mjomba anasema. "Ya pili ilikuwa nakala tu. Nimeifuta."

"Faili umefunga?"

"Nimefunga."

"Na mdomo?"

"Mdomo nilishaufunga tangu mwaka jana, dada yangu."

Anapogeuka, Mjomba amevaa barakoa ya kusafishia vichujio vya hewa, ile kubwa. Yanaonekana macho tu.

"Nini tena hiyo?"

"Mafua."

"Yameanza saa hizi?"

"Ya ghafla. Na macho usinitazame."

Mama Foleni anacheka, kisha anairudia kazi. Anaisogeza nyuma hesabu ya kodi ili mashine ipate nafasi, na kuamuru matokeo yaendelee pale pale yalipokwama. Mstari unarudi kuwa kijani. Muda si muda, idara ya kodi inapiga simu ya mezani.

"Mbona yetu imesimama?"

"Iko kwenye foleni, kaka. Hata mimi niko kwenye foleni."

Saa tano na nusu kazi inamalizika bila kosa, na matokeo yanapelekwa kwa baraza la mitihani. Mama Foleni anatoka chumbani na kuchukua simu yake kabatini, ambamo wafanyakazi wote huacha simu zao kabla ya kuingia.

Saa sita matokeo yanafunguliwa kwa umma. Mama Foleni hayafungui. Wafanyakazi wawili wanapita koridoni wakisoma simu zao kwa sauti, anawapa mgongo. Akiulizwa mpango wake endapo mambo yatakuwa mazuri, anajibu kwamba atampeleka binti chuoni mwenyewe, hadi getini. Yakiwa mabaya? "Basi tutakuwa wawili. Mwaka jana alikuwa peke yake chumbani."

Simu inaita. Sauti ya binti inasikika hadi upande wa pili wa korido.

"Mama, umeshajua?"

"Sijui."

"Kweli hujui?"

"Kweli, mwanangu. Niambie."

"Kaa kwanza."

Anakaa kwenye ngazi.

"Kemia nimepata C. Inatosha, Mama. Chuo kinanichukua."

Mama Foleni anafunika mdomo kwa kiganja.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Hebu rudia."

Binti anarudia.