Msamaha kwa Jibu Sahihi

Jioni, upepo ukitoka ziwani, harufu ya magadi huingia hadi mtaani kwetu Kaptembwo, na mimi hushikwa na hasira kabla hata sijakumbuka sababu. Muhula ule wa kidato cha pili madirisha ya darasa hayakuwa na vioo. Magadi na vumbi la chaki vilitukaa kooni huku mwalimu wa hisabati, tuliyemwita Rula, akiturudishia karatasi za mtihani kwa kuzitupa sakafuni. Alikuwa na roho mbaya, simsingizii. Aliyeanguka mtihani alibeba dawati lake kichwani, shule nzima ikimzomea, hadi darasa la wazembe karibu na vyoo. Huko fizikia haikufundishwa kabisa, nami nilitaka kitu kimoja tu duniani, kuwa mhandisi.

Nilianguka kwa swali moja. Tulipewa nukta mbili, (2, 3) na (6, 5), tutafute mlinganyo wa mstari unaozipitia. Nikatoa tatu kwenye tano, mbili kwenye sita, nikapata mteremko wa nusu. Hesabu za sehemu sizipendi hata leo, kwa hiyo nilizidisha kila kitu kwa mbili nikaandika 2y = x + 4. Kitabu chake cha majibu kilisema y = ½x + 2, basi akanipiga X kubwa nyekundu. Nikamfuata. "Mwalimu, ni mstari ule ule. Weka mbili mahali pa x, utapata tatu." Hakuweka chochote. Aliniuliza kama nimekuja kumfundisha kazi, akanitandika vidoleni kwa ile rula yake, akaniambia nilete mzazi.

Mama, aliyeuza mandazi mtaani, alikuja na unga bado mikononi. "Msichana wako ana kiburi," Rula akamwambia. "Aombe msamaha mbele ya darasa, akubali amekosea, ama abebe dawati." Mama akanigeukia. "Mwenye nguvu mpishe. Omba, yaishe." Nikaomba. Nilisema jibu langu si sahihi, wenzangu wakacheka, nikabaki darasani. Nilimchukia Rula, na kwa miaka mingi nilimchukia mama zaidi kidogo.

Siku hizi madirisha yale yana vioo na kuchapa watoto ni marufuku. Mimi ni mhandisi wa barabara kule Rongai, kazi yangu ni kunyoosha mistari kati ya vigingi viwili, na kompyuta yangu huipokea 2y = x + 4 bila kununa. Juzi wenzangu wa zamani walinipigia simu: Rula anastaafu, nije nitoe shukrani. Shukrani! Aliye juu mngoje chini, nikajisemea, nikakubali.

Mama alikuwa akichambua maharagwe nilipomwambia. "Utasema nini huko?"

"Nitasema jibu langu lilikuwa sahihi."

"Nilijua."

"Ulijua, ukanifanya niombe msamaha? Na hesabu yenyewe hukusoma!"

"Hesabu siijui. Nilikujua wewe," akasema, bila kuinua macho. "Lakini ungebeba dawati, hiyo fizikia ningekufundisha mimi?"