Puto la Glavu
Binti yangu alizaliwa na mgongo wazi, akapasuliwa mara nyingi. Hapa Kampala glavu za upasuaji tulinunua wenyewe, na muuguzi alizoea kupuliza moja iwe puto la kumtuliza. Kila mara midomo ya binti yangu ilivimba. Wanawake wa wodini wakalaumu mchuzi wangu wa karanga, nikauacha shingo upande. Kisha kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, mtaani Bwaise, binti yangu alichezea puto la dukani, akavimba vilevile, na karanga hazikuwepo. Daktari akakubali kwamba ni mpira wa glavu na maputo uliokuwa ukimdhuru.

Safari iliyofuata wodini muuguzi, ambaye hakuwa ameambiwa, alikuja amevaa glavu, puto mkononi, akitabasamu. Mwanangu akaficha mikono nyuma.

“Sista, zivue,” alimwambia. “Nishike kwa mkono wako tu.”