Chumba cha Barazani

Zamani mgeni alipiga hodi akangoja aitikiwe, siku hizi anaingia na kamera begani. Mkabala na kiti ninachokalia mlangoni kwangu, kwenye baraza ya duka lililofungwa, alilala binti mmoja mtumwa wa heroini. Mikono yake ilitetemeka mpaka aipate, lakini kila asubuhi alifagia, akanyoosha maboksi yake kama mtu atandikaye kitanda, kisha akanichokoza kwa sauti yake ya kukwaruza: "Shikamoo babu. Umenuna tena, nani kakuibia meno?" Watu wa filamu walipokuja, walitaka akae penye takataka ili watazamaji waone huruma. Akagoma. "Mama yangu ana televisheni," alisema. "Hajaniona siku nyingi. Akiniona, anione nimefagia. Na nyie vueni viatu, hapo mliposimama ni chumbani." Wakavua. Kidole gumba cha mpiga picha kikachungulia kwenye soksi, na binti akacheka hadi akashika ukuta: "Kaka, na wewe utafutiwe msaada." Mimi nisiyecheka ovyo nilicheka. Filamu ilipoonyeshwa, wiki ile ile alifika mwanamke akiuliza anakolala binti anayefagia. Mara ya mwisho nilimwona binti ndani ya teksi, wakielekea hospitali kuanza dawa ya kuacha, mama yake akimchana nywele zilizosokotana. "Mama, unaniumiza." "Tulia," mama akamwambia, "bado nyuma."