Usimuulize Mamako Mbele ya Mumeo

Kuna Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, ambayo naikumbuka kuliko nilivyokumbuka leo mahali nilipoweka miwani yangu. Siku hiyo nilimuuliza mamangu swali mbele ya mume wangu, akanijibu, nikafurahi. Furaha ile ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Keti, Rukia mwanangu. Usiniangalie hivyo. Najua huko chini mnasema Bi. Mwanaisha ana ulimi mkali, na kweli ninao, lakini leo nisikilize mpaka mwisho. Jana nilikuwepo hapo chini kwa mamako, kikombe cha kahawa mkononi, wakati wewe na mumeo mlipoingia na mchoro wa nyumba mnayoijenga Mtwapa. Mkautandaza mkekani. Ukamwonyesha mamako chumba chake kwa kidole: hiki hapa, choo humu humu ndani, dirisha laangalia bustani. "Mama, utakuja kukaa na sisi, sivyo?" Bi. Amina akavuta mtandio, akacheka kidogo, akasema, "Sawa tu, wanangu." Mumeo akafurahi, na wewe ukafurahi. Mimi ile kahawa ilinishinda, nikaaga, nikapanda juu kwangu.

Na nikwambie mapema kwamba mimi pia nina langu katika jambo hili. Mamako akiondoka, mimi mjane nitabaki na nani wa kunigongea mlango asubuhi? Kwa hivyo ukinisikia nasema kwa uchungu, mwingine ni wa nafsi yangu. Lakini si wote.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina watoto wawili, na mtaa wetu huu wa Kuze nimeuchoka, wallahi nimeuchoka. Tulikuwa tukiishi na mamangu ghorofani katika nyumba ya wakfu ya ukoo wetu, ile pale yenye dirisha la kijani, ukifungua pazia hili utaiona. Nyumba ya wakfu haiuzwi. Hukaa mtu wa ukoo mwenye haja, na akitoka huingia mwingine. Ngazi zake zilikuwa nyembamba na ndefu, na maji ya kunywa yakija kwa mkokoteni, basi ni mimi, hata na tumbo la miezi saba la yule mdogo, wa kupandisha madumu. Nikikaanga samaki, mtaa wa pili wameshajua ni samaki gani, changu au tafi. Nikigombana na mume wangu, hata kwa kunong'ona, kesho yake huja watu watatu kutusuluhisha ambao hakuna aliyewaita. Joto, panya, umbea. Nikasema, mimi hapa sitazeekea.

Athmani, mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa godauni kule Shimanzi. Akapata ploti Kiembeni, huko bara ng'ambo ya daraja, akajenga kidogo kidogo. Siku aliponipeleka kuiona nilivua viatu nikatembea uani nikicheka peke yangu kama mwehu. Bomba ndani! Vyumba vitatu, upepo unaingia huku unatokea huku, na mahali pa watoto kukimbia bila kugongwa na baiskeli. Nikapanda mpapai na asumini kabla hata mlango haujatiwa. Sitaki kukudanganya, mwanangu, raha ile ilikuwa ya kweli. Wanangu walipata nafasi ya kusoma, kifua cha mdogo kilichokuwa kikimbana kikapona, na mimi na Athmani tukaanza kuzungumza kama watu wazima. Anayekwambia huko bara, nje ya kisiwa chetu, hakuna kheri, mwambie amekosa.

Basi Ijumaa hiyo tumemaliza kula, Athmani ameegemea mto, nikamwambia mamangu, "Mama, tumekutengea chumba Kiembeni. Utahama na sisi?"

Mamangu akaangalia chini. "Mtakavyo nyinyi, wanangu," akasema.

Nikaruka nikambusu kichwani. Mjinga mimi! Nilikulia hapa hapa, nilijua kama unavyojua wewe kwamba kwetu mama hamkatalii mkwewe usoni. Miaka sita aliyokaa nyumba moja na Athmani, mamangu hakula mbele yake bila kugeuka upande. Hata chafya alikuwa akiizuia. Halafu mimi nimuulize jambo la maisha yake yote mbele ya mtu huyo, na nitegemee aseme hapana?

Binamu yangu Salim ndiye aliyekuwa na haja na ile nyumba, ana watoto watano katika chumba kimoja. Nilipompelekea ufunguo hakuupokea mara moja. Akaniuliza, "Dada, Shangazi umemuuliza?"

"Nimemuuliza, amekubali."

"Mlikuwa nyinyi wawili tu?"

Nikamjia juu. Nikamwambia kama ufunguo hautaki aseme, wako wengine wanaoutaka, na mamangu namjua mimi, si yeye. Akaupokea. Salim alikuwa mdogo kwangu kwa miaka minne, na akili aliniacha mbali.

Sasa nikwambie mamangu alikuwa nani hapa Kuze, kwa sababu wewe hukumkuta. Alisomesha wasichana Kurani sebuleni kwake, asubuhi na alasiri. Alishona kofia ambazo watu waliziagiza kutoka mbali. Asubuhi alimteremshia Mishi, muuza mahamri, kikapu kwa kamba kutoka dirishani, na siku kikapu kikichelewa, Mishi alipiga kelele mpaka jirani apande kumwangalia. Mara moja homa ilimlaza, na kabla sijarudi kutoka sokoni chumba kilikuwa kimejaa wanawake na uji.

Kiembeni alikuwa mama mkwe anayekaa kwa mkwewe. Hakuna zaidi. Chakula alikula chumbani mwake. Akikohoa, alikohoa ndani ya mto. Uani hakutoka mpaka asikie gari la Athmani limeondoka. Athmani alijitahidi, maskini, alikuwa akimletea zabibu na halua, akimwita Mama, lakini haya ya mtu mzima huwezi kumvua kama koti. Wanafunzi hakuwapata, kila nyumba ina ukuta na geti, na watoto wa huko walichukuliwa kwa gari kupelekwa chuo cha Kurani. Kofia alianza moja, ikakaa miezi mingi imeshonwa nusu. Nikimuuliza, "Mama, vipi hali?" hujibu, "Alhamdulillahi." Nami naridhika! Nilikuwa mwepesi wa kuridhika siku hizo.

Na hata sisi wenyewe hatukuwa nyumbani. Athmani hutoka baada ya alfajiri ili awahi daraja la Nyali kabla magari hayajajazana. Mimi nilipata kazi ya duka la vitambaa huku kisiwani, watoto nikawa nawaleta shule huku huku, jioni narudi nao. Nyumba kubwa ile, ya kujivunia, kutwa nzima ilikuwa na mtu mmoja. Na kwa kuogopa wezi, mwanangu, nilikuwa namfungia. Kufuli nje ya geti. Mamangu mzazi.

Siku alipoanguka ilikuwa saa tatu asubuhi, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Nilirudi saa kumi na moja jioni. Alikuwa pale pale sakafuni, ameukokota mkono mpaka kwenye kanga akajifunika, asije mkwewe akatangulia kuingia akamkuta vibaya. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alinambia baadaye, bila ubaya wowote, kwamba alisikia mtu anaita lakini akadhani ni mambo ya ndani ya nyumba ya watu.

Hospitali wakamtibu, wakaturudishia, na kila alipofumbua macho neno lilikuwa moja: "Nirudishe Kuze." Nikamfukuza Athmani chumbani, nikafunga mlango, nikapiga magoti. "Mama, kwa nini hukunambia siku ile?"

Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. "Uliniuliza mbele ya mumeo, Mwanaisha. Ulitaka nimwambie nini mtoto wa watu?"

Nikaja huku kwa Salim nikilia njia nzima. Chumba cha mamangu walikuwa wakilala watoto wake watatu, na mkewe ana kichanga. Salim mwenyewe alisema atawatoa, akaanza kukunja godoro, na mke akageukia ukutani akimnyonyesha kichanga. Ningewapeleka wapi? Nikamwambia aache, nikarudi Kiembeni mikono mitupu. Mamangu hakuuliza nimejibiwaje. Baada ya wiki tatu akafa.

Wanawake wa Kuze walikuja wote, na Mishi, wakamwosha wao. Siku ya tatu ya matanga akaingia jirani yetu wa ubavuni, yule wa ukuta, mwanamke mstaarabu, amebeba sinia la wali. Akanishika mkono akanambia, "Pole sana, dada. Wallahi sisi miaka miwili yote hatukujua kama humu ndani mna mama." Nilitaka kumpiga, Rukia. Halafu nikakumbuka kwamba mimi pia jina la mamake sikulijua, wala kama anaye.

Basi nikwambie la kukwambia. Nenda Mtwapa. Mna haki ya kwenda, nafasi mtaipata, na hewa, na watoto watakua vizuri. Na usidhani nakuuzia Kuze kama pepo. Siku hizi tuktuk zatupigia honi mpaka mlangoni, nusu ya majirani niliowajua wamehama au wamezikwa, na vijana wengine wa vichochoroni wameharibika tunawaona. Mimi mwenyewe nimepanga chumba hiki uzeeni, nikitazama nguo za watu wengine zikianikwa kwenye dirisha la mamangu. Nilijitakia.

Lakini mamako muulize peke yake. Funga mlango, usimwonyeshe mchoro, usimtajie bustani. Muulize mara moja, nyamaza, umwache akae na swali hata kama ni siku nzima. Akisema hapana, hapana hiyo ibebe wewe kwa mumeo, isiwe yeye wa kuibeba. Akisema ndiyo, chumba chake huku usimpe mtu mwaka mzima, na huko muanze kugonga milango ya majirani kabla hamjajenga ukuta, wamjue jina lake na sauti yake. Na kufuli usimtie nje. Heri waibe televisheni.

Mungu akupe nyumba yenye baraka, mwanangu, akujaalie mamako umwone akicheka bila kuvuta mtandio, na mamako akikukatalia, Mungu akupe moyo wa kuipokea hapana yake. Asikuonjeshe nilichoonja mimi. Amin. Haya futa macho ushuke, adhana imeshatoka na mumeo yuko msikitini. Mamako sasa hivi yuko peke yake.