Lugha ya Mikono ya Wafumaji

Siku yangu ya kwanza kiwandani, nyapara aliniuliza jambo nami sikusikia hata neno. Mashine za kufumia nguo zilinguruma ukumbi mzima, na yeye alikuwa akifungua mdomo na kuufunga kama samaki. Nikamjibu kwa kupiga kelele. Alicheka, akanikabidhi kwa Nekesa, mfumaji wa Shauri Moyo, anifunze kazi.

Nekesa hakuanza na mashine. Alianza na mikono. Vidole viwili vikitenganishwa, mtande umekatika, yaani zile nyuzi ndefu ambazo mshindio, uzi wa kukingama, hupita katikati yake. Ngumi kichwani, nyapara anakuja. Tulisengenya watu hivyo zamu nzima, macho kwa macho, na wakubwa wasijue lolote. Nyinyi vijana mnaodhani maongezi ya kimyakimya yaliletwa na simu, poleni sana.

Kiwanda kilifungwa. Kilikaa miaka na popo wake kando ya Mto Nairobi, kisha kikageuzwa makumbusho. Wageni wakaanza kuja kutazama mto na mashine zetu, ambazo sasa zimepakwa rangi na kuzungushiwa kamba, hazingurumi tena. Mimi niliajiriwa niwaeleze. Basi nikamwendea meneja wa makumbusho.

"Kuna mama anaishi Huruma, anaitwa Nekesa. Mlete, tuwaonyeshe watu tulivyokuwa tukiongea."

"Mzee wangu, wewe unatosha. Si uonyeshe tu peke yako?"

"Peke yangu nitaongea na nani?"

"Na wageni, Mzee."

Ebo! Nilimrudia mara nyingi hadi akaanza kunikwepa kwenye korido. Nekesa naye hakuacha kunipigia: "Wamesemaje?" Alitaka sana kusimama tena kando ya mashine yake, watoto wa shule wamwulize maswali. Nami kila mara nilimwambia asubiri kidogo, na kila mara iliniuma.

Nilistaafu kabla hajaitwa. Kisha kiharusi kikamchukua ulimi na upande mmoja wa mwili. Nilimkuta kitandani chini ya dirisha walilomfungulia apate hewa, mkono wake ambao haukupooza ukipanda na kushuka.

"Baba, anafanya hivyo tangu juzi," binti yake akaniambia. "Tumemwita mchungaji aje amwombee."

Niliutazama ule mkono. "Anasema mfunge dirisha. Anasikia baridi."

Binti alilifunga, na mkono ukatulia. Halafu akaketi sakafuni, akalia kwa sauti. Mimi na mama yake tuliongea kwa mikono mpaka jioni, mambo ya kawaida tu, nani alikufa na nani alioa tena.

Nekesa tulimzika kwao, magharibi. Nasikia makumbusho yanapata wageni wengi siku hizi, na meneja amepandishwa cheo. Sina kinyongo naye, hapana, ninacho. Wafumaji wenzetu wote wametangulia. Siku kiharusi kitakaponijia mimi, wanangu watamwita mchungaji, nami nitaendelea kusikia baridi.