Ngoma Iliyowambwa Bango

Ngoma ya kwaya yetu ilipasuka Jumamosi alasiri, mwanzoni mwa Juni, tukiwa mazoezini katikati ya wimbo wa matoleo. Aliyeipasua ni mimi. Mkono wa kulia ulishuka kama ulivyokuwa ukishuka miaka yote, nikasikia mlio kama wa mtu anayechana kanga, na kiganja kikazama ndani ya ngoma. Waimbaji wakamalizia ubeti peke yao, kisha wote wakanigeukia kana kwamba nimeua ng'ombe wa jirani.

Mimi ndiye mpigaji ngoma wa kwaya hiyo, hapa Chanji, Sumbawanga. Siku za kazi nauza mbegu na mbolea dukani. Kupiga ngoma nilijifunza kwa baba yangu huko Mpui, ambaye amekuwa akiziwamba tangu kabla sijazaliwa. Kwa hiyo nilipochomoa mkono nilijua kinachotakiwa: ngozi mbichi ya ng'ombe, maji, kisu, kamba, na siku kumi hivi za kukausha kivulini. Tamasha la kwaya lilikuwa limebakiza wiki tatu. Muda ulitosha.

Nikamweleza mwenyekiti wa kwaya. Alikuwa mstaafu wa ofisi, mtu wa heshima zake, aliyekuja mazoezini na faili kwapani hata siku ambazo hakukuwa na cha kuandika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, dada," alisema. "Lakini tusikurupuke. Jambo hili lina ngazi zake."

Ngazi ya kwanza ikawa kuunda Kamati ya Ngozi. Ilikuwa na watu saba, na kati yao hakuna aliyewahi kushika ngozi isipokuwa ile ya viatu vyake. Aliyekaribia zaidi alikuwa fundi cherehani. Mimi sikuwekwa, kwa sababu, kama mwenyekiti alivyofafanua, nilikuwa mhusika wa tukio.

Kamati ilikaa Jumatano, ikakaa tena Ijumaa. Ijumaa niliitwa kutoa maelezo. Waliniuliza kwa nini ngoma ile ilikuwa inapelekwa kwenye jiko la mkaa kila Jumapili asubuhi. Nikawaambia wanachokijua wote: Sumbawanga ina baridi, ukungu ukishuka ngozi inanyonya unyevu na kulegea, ukiipasha kidogo inajikaza na sauti inarudi.

"Kwa hiyo hata wewe unakubali kwamba ngozi ina tatizo," alisema mwenyekiti.

"Ngozi haina tatizo, Mwenyekiti. Ni baridi."

Akamgeukia katibu. "Andika hapo. Mpigaji amekubali kuna tatizo."

Uamuzi ulisomwa baada ya misa ya Jumapili. Kwaya itaachana na ngozi na kwenda na wakati. Ngoma itawambwa turubai la plastiki, ambalo halinyonyi maji na halihitaji jiko. Turubai lenyewe lilikuwepo tayari nyumbani kwa mwenyekiti. Lilikuwa bango la kampeni za uchaguzi uliopita. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, mkewe alilichukua akawa analianikia mahindi.

Waliliwamba Jumamosi iliyofuata, mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi nimekunja mikono. Fundi cherehani alikunja pindo akalishona mara mbili. Wanaume wawili walivuta kwa koleo, mwingine akazungushia mpira wa baiskeli. Walitoa jasho, na sitaki kuwadharau kwa hilo. Ila upande mweupe wa bango ulikuwa umeota ukungu wa mahindi, hivyo wakaamua upande wa picha ndio utazame juu. Walipomaliza, uso wa mgombea ulikuwa umeenea kwenye mdomo wote wa ngoma, kuanzia nyusi hadi kidevu, akitabasamu. Chini yake yalisomeka maneno mawili kwa herufi kubwa: SAUTI YENU.

"Piga," mwenyekiti aliniambia.

Nikapiga. Ilitoa mlio wa ndoo iliyofunikwa kwa gazeti.

"Itakaa sawa," alisema. "Bado mpya."

Haikukaa sawa. Ngozi ukiiwamba, unaizunguka ukigonga pembeni kwa kidole na kusikiliza. Panapotoa sauti ya chini unavuta kamba za hapo, mpaka ukingo wote uongee sauti moja. Nilijaribu hivyo kwa bango lile. Nikivuta upande wa shavu, pua inalegea. Nikivuta kidevu, nyusi zinakunjamana. Wiki nzima niliichezea baada ya kufunga duka, na mwisho nikaona ninazidi kumfahamu mheshimiwa yule lakini ngoma bado siipati.

Siku ya tamasha tulikusanyika kwenye uwanja wa shule, kwaya sita, asubuhi ya ukungu mzito na upepo unaokata masikio. Wenzetu walikuwa wamewasha majiko nyuma ya madarasa na kupasha ngoma zao taratibu. Sauti zao zilitoka nzito na safi. Mwenyekiti alisikiliza, akaniangalia, akaiangalia ngoma yetu.

"Na wewe pasha," aliniambia.

"Mwenyekiti, hii ni plastiki."

"Nakuambia pasha. Sisi tu ndio tutakaa bila moto?"

"Plastiki haikazwi na moto. Itayeyuka."

"Dada, mimi nimeongoza idara," alisema, na akaibeba mwenyewe mpaka kwenye jiko la kwaya ya jirani.

Nilitakiwa kumfuata na kumnyang'anya. Sikufanya hivyo. Nilikuwa nimechoka kuandikwa kwenye kumbukumbu za vikao, na nakiri kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka kuona. Haikuchukua muda. Kwanza ulipanda moshi wenye harufu ya kandambili iliyoungua. Mwenyekiti alipoipindua ngoma, shavu la kushoto la mgombea lilikuwa limejikunja, jicho moja limefumba, na lile tabasamu limeshuka upande mmoja kama la mtu mwenye jino bovu.

Ndipo gari la mgeni rasmi likaingia uwanjani. Waandaaji walikuwa wametuambia tu kwamba atakuja kiongozi. Akashuka, akaanza kupita kwaya moja baada ya nyingine akitoa mkono, na alipofika kwaya ya tatu nilimtambua. Nilikuwa nimekaa na uso wake wiki nzima.

Mwenyekiti naye alimtambua. Alivua koti akataka kufunika ngoma, lakini mkono mmoja ulikwama kwenye faili. Mgeni akasimama mbele yetu. Akamsalimia mwenyekiti, akanisalimia mimi, kisha akainamisha kichwa na kuitazama ngoma. Wasaidizi wake nao wakainamisha vichwa.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Mwenyekiti alifungua mdomo. "Hii ni ngoma, mheshimiwa."

"Naiona ngoma. Nauliza huyu."

Waimbaji wetu arobaini wakamgeukia mwenyekiti, mwenyekiti akanigeukia mimi. Nikaona afadhali niseme ukweli kwa adabu. "Ni wewe, mheshimiwa. Ngozi yetu ilipasuka, tukawamba bango lako."

"Mbona nimekuwa hivi?"

"Uliwekwa kwenye jiko ili sauti ikaze."

Akafikiri kidogo. "Ikakaza?"

"Haikukaza, mheshimiwa."

"Hebu piga nisikie."

Nikapiga mara moja, hapo penye kidevu. Pwa. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Kweli, sisikiki," halafu akacheka mpaka akashika kiuno. Wasaidizi walisubiri kidogo kuhakikisha kama ni kicheko cha kweli, nao wakacheka. Mwenyekiti alicheka wa mwisho, jasho likimtoka kwenye baridi ile.

Tulitoka wa sita. Katika hotuba yake mgeni aliahidi kutuletea seti nzima ya drum za kisasa, zile zinazokazwa kwa ufunguo, na kamati ikamteua mtu wa kuutunza ufunguo siku hiyohiyo. Ana cheo hicho mpaka leo. Drum bado hazijafika.

Jumatatu niliomba ruhusa dukani, nikapakia ngoma kwenye basi, nikaenda Mpui. Sikuomba kibali cha kamati. Baba alikuwa ameketi barazani akinoa jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Akaipindua ngoma, akalitazama bango kwa muda mrefu. "Ugonjwa gani huu?"

Nilimsimulia yote, akacheka mpaka akakohoa. Ngozi tuliipata kwa mfugaji mmoja Msukuma wa upande wa Ilemba, ambaye alikuwa amechinja kwa ajili ya harusi. Tuliiloweka mpaka ikalainika, tukaparua manyoya kwa kisu, tukaikata duara na kuiwamba ikiwa bado mbichi. Baba alivuta kamba, mimi nikachomeka vijiti vya kukazia. Hakunisifu hata mara moja. Nikikosea alinichapa kiganjani kwa kipande cha kamba, kama alivyofanya nilipokuwa mtoto, nami nina watoto watatu.

Ngoma ilikaa kivulini siku kumi na mbili. Jumapili iliyofuata nilipoipiga kanisani, wimbo wa kuingia uliinuka wenyewe, wazee wakaanza kutikisa mabega kabla ya kibwagizo, na mimi machozi yakanitoka nisijue kwa nini. Kwenye matangazo, mwenyekiti alisimama na faili lake akaishukuru Kamati ya Ngozi kwa kazi kubwa iliyokamilika. Wajumbe saba wakasimama, tukawapigia makofi. Nami nilipiga, maana mikono ilikuwa bado ya moto.

Baba alikuwa amekuja kwa basi la alfajiri, akaketi benchi la nyuma kabisa. Baada ya misa nilimfuata nje, nikangoja aseme neno.

"Upande wa kushoto umelegea kidogo," alisema. "Utaukaza jioni." Kisha akaniuliza nyumbani kwangu tunakula nini.